Maswali ya Wasomaji: Blackhawk ya Zamani au Mpya?

SWALI: Asalaam aleikum mafundi. Shemeji yangu anaishi Texas na huwinda nguruwe mwitu kwa rivolva. Kuna mzee anamuuzia Ruger Super Blackhawk ya .44 Magnum iliyotengenezwa 1969, na dukani ipo mpya ya aina hiyo hiyo. Nimetumiwa picha, nikitazama naona ni zilezile. Tofauti iko wapi, na ya zamani ina hatari gani? – Msomaji, Kizingo, Mombasa

JIBU: Wa aleikum salaam. Kwa sura ni ndugu wa tumbo moja, na zote mbili lazima nyundo ikokiwe, yaani ivutwe nyuma, kwa kidole gumba kabla ya kila risasi. Tofauti iko ndani. Mpaka ni mwaka 1973, kampuni ya Ruger ilipoleta mtambo mpya.

Mwambie shemeji atazame ubavu wa fremu. Ya zamani ina skrubu tatu, mpya ina pini mbili. Kisha, bastola ikiwa tupu, akoki polepole. Ya zamani hulia mara nne, maana nyundo ina vituo vya njiani, kikiwemo cha nusu koki ambapo silinda huzunguka ili ijazwe. Mpya haina nusu koki. Ukifungua mlango wa kujazia, silinda inaachiliwa na nyundo inafungwa.

Sasa hatari. Katika ya zamani, nyundo ikishushwa hadi chini hugusa pini ya kupigia, na pini iko juu ya fataki, kile kiwashio kidogo kilicho kitakoni mwa risasi. Ikianguka na kutua kwa nyundo, risasi inaweza kutoka. Kituo cha kwanza cha njiani, kiitwacho cha usalama, si cha kutegemea, ncha yake ni nyembamba na huweza kuvunjika. Kwa hiyo silinda ya matundu sita hubebwa na risasi tano: weka nusu koki, fungua mlango, tia moja, ruka tundu moja, tia nne, funga mlango, koki hadi mwisho, kisha shusha nyundo taratibu mtutu ukiwa umeelekezwa pasipo na mtu. Itatua juu ya tundu tupu. Akikosea hesabu, arudie kuanzia mwanzo. Asibahatishe.

Katika mpya, nyundo hulala juu ya fremu bila kugusa pini. Kipande cha chuma hupanda katikati yake kifyatulio kinapovutwa, nacho ndicho hupeleka pigo. Kifyatulio kikiachwa, kipande kinashuka. Sita zote hubebwa.

Tangu 1982 Ruger huwafungia wenye bastola za zamani mtambo wa usalama bila malipo. Iliyokwisha kubadilishwa hugongwa herufi R kwenye fremu. Wengi hulalamika kwamba kifyatulio kinakuwa kizito baada ya hapo, na ndiyo sababu ziko nyingi ambazo hazijaguswa. Vipande vya asili hurudishwa kwa mwenyewe, basi shemeji amdai mzee. Bila vipande hivyo, wakusanyaji watataka kumpunguzia bei.

Kwa kuwinda tu, sisi tungechukua mpya. Nguvu ya risasi ni ileile. Hapa kwetu, ambako uwindaji ulipigwa marufuku 1977, asijaribu kukuletea zawadi ya namna hiyo. Bastola bila leseni ni kesi, hata iwe ya urithi.

SWALI: Nina leseni na bastola ya mtambo mpya. Maganda hayatoki, fimbo ya kuyasukuma nje inagonga chuma. Na wakati mwingine nyundo inaanguka, risasi hailii. – Msomaji, Bamburi

JIBU: La kwanza ni la mkono. Katika nyingi za mtambo mpya, ukisikia mlio tundu limeshapita mlango, na silinda hairudi nyuma. Usingoje mlio. Simama ganda likiwa katikati ya mlango. Ukipitiliza, zungusha mpaka lirudi tena.

La pili, angalia kidole chako. Ukiachia kifyatulio mapema, kile kipande kinashuka kabla nyundo haijafika, na fataki inapigwa hafifu au haipigwi kabisa. Vuta, shikilia hadi risasi itoke. Ikikataa bado, weka mtutu kwenye shabaha sekunde 30 kabla ya kufungua, kwani fataki huweza kuchelewa. Kama fataki zina alama ndogo ingawa unashikilia, mpelekee fundi mwenye leseni atazame springi ya nyundo na njia ya pini. Hewa ya bahari haina huruma, na mafuta mazito ndani ya mtambo hushika vumbi yakawa gundi. Tone moja jepesi latosha.