Usukani Mzito wa Trekta Mpya

SWALI: Assalaam alaykum. Ushirika wetu wa wakulima wa mpunga hapa Cheju, Unguja, umenunua trekta mpya ambayo haijatimiza saa 60 za kazi. Tukifika mwisho wa jaruba na kupunguza moto ili tugeuze, usukani unakuwa mzito na pampu inanguruma. Tukikanyaga mafuta, unalainika. Fundi anasema tubadilishe pampu, na msimu wa kuburuga ndio huu. Tufanyeje?

JIBU: Waalaykumu salaam. Nakuombeni msiiguse pampu kwanza. Usukani wa haidroliki hauyasukumi magurudumu kwa chuma, bali hupeleka mafuta yenye shinikizo kwenye silinda ya ekseli ya mbele. Ukiwa mzito pande zote mbili injini inapozunguka polepole, na mngurumo juu yake, dhana yangu ya kwanza ni kwamba pampu inakosa mafuta ya kutosha kuvuta.

Iegesheni trekta mahali tambarare, zimeni injini, kisha chomoeni kijiti cha kupimia mafuta ya haidroliki na myatazame kwa makini. Yakiwa yamepungua, ongezeni ya aina iliyoandikwa katika kitabu cha trekta, si yoyote yaliyopo dukani. Yakiwa na povu, kuna hewa. Yakibaki meupe kama maziwa hata baada ya kutulia, yameingia maji, jambo la kuhofiwa sana kwa trekta inayofanya kazi kwenye mabonde.

Hewa mara nyingi huingilia kwenye mpira wa kuvutia mafuta, na hapo ndipo wengi hupotea, kwa kuwa kibanio kilicholegea upande huo huenda kisidondoshe hata tone, bali kikanyonya hewa kila injini inapowaka. Pakeni grisi nzito kuzunguka kiungo hicho. Mngurumo ukipungua, mmeupata ubovu. Upande wa shinikizo, kamwe msipapase mipira kwa mkono kutafuta uvujaji, maana mafuta hayo hupenya ngozi. Tumieni kipande cha kadibodi.

Chujio la mafuta hayo nalo likaguliwe, kwani matrekta mengi mapya hutakiwa kubadilishiwa kwenye saa 50 za mwanzo, wakati gia mpya bado zinatoa chembe za chuma.

Mkishatengeneza, inueni ekseli ya mbele kwa jeki, iwekeeni vigingi imara, kisha zungusheni usukani taratibu kutoka mwisho hadi mwisho mara kadhaa bila kuung'ang'aniza ukingoni, halafu mpime mafuta upya. Uzito ukibaki, mwiteni muuzaji apime shinikizo kwa geji wakati dhamana ingali hai, na fundi wenu asifungue kitu kabla yake.