Gari la kazini na mshahara wangu

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi ni muuguzi wa NHS, huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, hapa Leeds, mshahara wangu ni pauni 38,000 kwa mwaka. Kazini wametuletea mpango: nikikubali mshahara upunguzwe pauni 450 kila mwezi kwa miaka mitatu, napewa gari jipya la umeme, bima na matengenezo humo humo. Wenzangu wanasema kodi yote inafutika. Mume wangu anataka la petroli kwa kuwa nyumbani hatuna pa kuchajia. Kuna tofauti? (Muuguzi, Leeds)

JIBU: Marahaba mwanangu. Tofauti ipo, tena kubwa. Na kodi haifutiki, inapungua tu.

Kwa mwaka unaachia pauni 5,400, ambazo zingekatwa asilimia 20 ya kodi ya mapato na asilimia 8 ya bima ya taifa (mchango wa National Insurance). Hapo umeokoa 1,512. Lakini serikali inalihesabu gari kama sehemu ya malipo yako. Kwa la umeme, mwaka wa kodi 2025/26 wanahesabu asilimia 3 ya bei rasmi. Bei ikiwa 35,000, hiyo ni 1,050, nawe unatozwa asilimia 20 yake, yaani pauni 210. Kwa hesabu hiyo gari linakugharimu kama pauni 342 kwa mwezi badala ya 450. Kiwango ni asilimia 4 mwaka 2026/27 na 5 mwaka unaofuata, bado kinabebeka.

La petroli mwambie mume wako aliache. Tangu Aprili 2017, gari linalotoa zaidi ya gramu 75 za hewa ya ukaa kwa kilomita linatozwa kwa kilicho kikubwa kati ya mshahara ulioachia na thamani ya gari kikodi. Gari la pauni 28,000 lenye kiwango cha asilimia 30 linahesabiwa 8,400. Kodi yake ni 1,680, imeshaimeza akiba yote ya 1,512.

Linaloniuma zaidi ni pensheni. Nimeandaa mishahara ya wauguzi kwa miaka mingi, na hili sijaona likielezwa vya kutosha siku ya kutia saini. Pensheni yako ya NHS, ule mpango wa 2015, inajengwa kwa sehemu moja ya 54 ya mshahara wa kila mwaka, na kwa kawaida mshahara unaohesabiwa ni ule uliokwisha kupunguzwa. Gawa 5,400 kwa 54: pauni 100. Kwa miaka mitatu umejipunguzia pauni 300 za pensheni, kila mwaka wa uzee wako, mbali na nyongeza za kila mwaka. Mchango wako nao unashuka, kwa hiyo mkononi utaona nafuu, na ndiyo maana watu hawashtuki.

Kama mnatarajia mtoto, jua kwamba malipo ya uzazi ya kisheria, asilimia 90 ya wastani wa mapato kwa wiki 6 za mwanzo, hupigiwa hesabu kwa mshahara uliobaki.

Kuchaji barabarani ni ghali kuliko nyumbani. Hata VAT ni asilimia 20 dhidi ya 5. Pigeni hesabu ya umeme huo kwanza. Kisha uulize, kwa maandishi, utadaiwa kiasi gani ukiacha kazi kabla ya miaka mitatu. Gari si lako, litarudi, lakini deni la kuvunja mkataba linaweza kubaki kwako. Wasipokupa jibu la maandishi, usitie saini.