Kupata kanisa kwenye mji wa watu mchanganyiko

Ndugu, umeuliza utapataje kanisa la kutulia kwenye mji wa pembeni ya jiji, wenye watu wa kila taifa na lugha. Anza na dhehebu lako, kama unalo. Mkatoliki kazi yake nyepesi: jimbo limegawanywa katika parokia, kwa hiyo anwani yako tu inakuonyesha parokia yako, ingawa hukatazwi kusali kwingine. Msabato atatafuta milango iliyo wazi Jumamosi. Kazi iko kwenye makanisa huru, maana jina la kanisa halikuambii mengi. Soma tamko lao la imani, kisha uliza bila aibu: nani anamsimamia mchungaji, na hesabu za sadaka husomwa mbele ya nani? Wakikukunjia uso, aga kwa heshima.

Ibada ya kwanza isikudanganye. Kwaya nzuri na spika kubwa haziji kukuona ukiugua. Wanaokuja ni wale wa kikundi kidogo cha katikati ya wiki, basi hicho ndicho cha kukichunguza. Angalia pia mchanganyiko unaishia wapi. Viti vimejaa mataifa yote, lakini wazee wa kanisa wote ni wa jamii moja? Mimi hilo hunitia shaka.

Ibada ya lugha ya nyumbani inafariji sana, ila kama una watoto, waulize wanaelewa nini pale. Wengine huhudhuria mbili, moja asubuhi na nyingine alasiri, na hakuna dhambi hapo.