PCOS haikuletwa na uchafu wa kizazi

Juzi dada mmoja kaniandikia: hospitali wamemwambia ana PCOS, yaani tatizo la homoni linalovuruga hedhi na upevukaji wa mayai, na muuza dawa za asili kamwambia chanzo ni sindano za uzazi wa mpango na uchafu uliojaa kwenye kizazi. Anauliza dawa ya kusafisha inapatikana wapi. Nilipandwa na hasira, maana maneno hayo hayo niliambiwa mimi, tena mbele ya mawifi zangu.

Dada yangu, kizazi chako si kichafu. Sindano inaweza kukukatia hedhi kwa muda, lakini PCOS haileti. Kwangu ilianza nikiwa sekondari, sijawahi hata kuiona sindano hiyo: hedhi inapotea miezi, ikirudi inamwagika, ndevu kidevuni, na shingo nyeusi. Hiyo shingo! Mama alinisugua kwa dodoki mpaka ngozi ikachubuka, akidhani sijui kuoga. Kumbe weusi ule ni dalili ya insulini, ile homoni inayodhibiti sukari kwenye damu, kuzidi mwilini.

Na hapo ndipo penye kiini. Wengi wetu mwili hauitikii insulini vizuri, hivyo kongosho linaitoa kwa wingi zaidi. Ikizidi, inazichochea ovari zitengeneze homoni za kiume kupita kiasi. Mayai yanaanza kukua, yanakwama kabla ya kupevuka. Vile vivimbe unavyoonyeshwa kwenye ultrasaundi ni vifuko vya mayai hayo yaliyokwama, si uvimbe wa kukatwa. Tatizo hutembea kwenye ukoo pia. Kwetu bibi alikuwa na kisukari, shangazi anacho. Wembamba nao wanapata, msidanganyane. Karibu mwanamke 1 kati ya 10 anaishi nalo, na wengi hawajui.

Mimi nilipunguza sembe na soda, nikawa natembea kila jioni, nikameza dawa za daktari. Kwa mwenye uzito mkubwa, kupungua hata asilimia 5 tu kunaweza kurudisha hedhi. Yangu ilirudi, na leo nina binti. Walionicheka wanambeba.

Kwa hiyo wanawake wenzangu, pimeni sukari. Hedhi ikipita miezi 3 bila kuja na huna mimba, usikae nyumbani ukijifariji: ukuta wa kizazi unaendelea kunenepa, na baada ya miaka unaweza kuzaa saratani. Hela ya chupa za kusafisha kizazi ipelekeni maabara.