Mchango Umetimia, Sasa Nani Atamwinua Mama?

Msomaji mmoja kaniandikia juzi: "Dada, mama kafanyiwa upasuaji wa nyonga. Madaktari wanataka ainuke kesho, sisi ndugu tunasema apumzike kwanza." Nimeguna. Kwa neno hilo "apumzike" nilishatukanwa vya kutosha.

Mama yangu alipoteleza bafuni na kuvunjika nyonga, ukoo ulihamasika siku hiyo hiyo. Kikundi cha WhatsApp kikafunguliwa, mweka hazina akateuliwa, orodha ya waliotoa na wanaosuasua ikawa inabandikwa kila jioni. Hela ikapatikana, mama akafanyiwa upasuaji. Kwa michango hatujambo, sisi. Ila asubuhi ya pili yake, mtaalamu wa fiziotherapia alipoingia na fremu ya kutembelea, shangazi alimzuia: "Mnataka kumuua?" Mimi niliyemtetea nikaitwa mtoto asiye na huruma, wodi nzima ikisikia. Sijasahau.

Jambo la kwanza nililofanya ni kumwomba nesi atoe dawa ya maumivu mapema, ili zoezi likianza iwe imeshashika. Tukamkalisha pembeni ya kitanda, miguu ikining'inia, tukangoja kizunguzungu kipite. Kisha fremu mbele, mguu uliopasuliwa, halafu ule mzima. Tukaishia kitanda cha jirani. Mama alilia, akanitazama kama adui yake. Siku iliyofuata akauliza mwenyewe, "Lile dude langu liko wapi?"

Mgonjwa akilazwa tu, damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya miguu, bonge likapanda mpaka mapafuni. Kuna nimonia, kuna vidonda vya makalioni, na misuli nayo inanyauka upesi, hasa kwa wazee. Kiharusi kina mambo yake: utafiti mkubwa wa AVERT, uliochapishwa 2015, ulionyesha kuwa mazoezi mengi mno yakianza ndani ya saa 24 tangu kiharusi kimpate mtu hupunguza nafasi ya kupona vizuri. Kwa hiyo ratiba ni ya daktari, si ya mama mdogo wala ya jirani.

Jamani, tuache kujificha nyuma ya huruma! Kutuma elfu kumi kwa simu ni rahisi kuliko kumshika mzee kiunoni huku anapiga kelele. Kikundi chenu cha michango kisivunjwe. Pangeni humo humo zamu za kumwinua, asubuhi nani, jioni nani, na huyo anayesisitiza apumzike apewe zamu ya kwanza, mtaalamu wa fiziotherapia akiwepo.