Kabla ya Kushika Spana: Kwa Fundi Mpya wa Pampu na Sola

Mwaka wangu wa kwanza wa ufundi nilimtia hasara mkulima mmoja wa bustani upande wa Ujiji, hapa Kigoma. Mpaka leo nikikutana naye njiani mimi ndiye ninayeanza kusalimia, tena kwa adabu.

Alikuwa na pampu ya petroli ya inchi mbili. Aliifunga juu kabisa ya ukingo, kando ya nyanya zake, kwa sababu pale ni pakavu na mlinzi analala hapo hapo. Injini inanguruma vizuri, maji hayatoki hata tone. Nikafungua pampu, nikabadilisha sili, ile pete inayozuia maji na hewa kupenya. Maji hakuna. Nikamwambia futi valvu, ile ya ncha ya mpira majini inayozuia maji kurudi, imechoka, akanunua mpya. Maji hakuna. Nikasema basi ni mpira wa kufyonza, una tundu tusiloliona, naye masikini akaenda tena dukani. Siku ya tatu akaacha kunipikia chai.

Mzee aliyekuwa ananifundisha kazi akaja kwa baiskeli. Kwenye karia kulikuwa na mpira wa levo, ule mwembamba wa kuonesha maji ambao waashi hupimia usawa wa msingi, pamoja na futi kamba. Hakuomba spana. Tukashuka naye ukingoni hatua kwa hatua, mimi nimeshika ncha moja ya mpira na yeye nyingine, anapima na kujumlisha kwa kalamu kwenye kiganja. Tulipofika majini alikuwa na mita 9 na robo. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, maji haya hayapandi pale. Hata ulete pampu mpya kesho."

Kama umetoka darasani juzi tu, huenda ulifundishwa jambo hili na ukalijibu vizuri kwenye mtihani, kisha likabaki kwenye karatasi. Pampu haivuti maji. Ukinywa soda kwa mrija unapunguza hewa ndani ya mrija, na hewa ya nje inayokandamiza uso wa soda ndiyo inayoisukuma ipande. Pampu inafanya hivyo hivyo kwenye mpira wa kufyonza. Inatengeneza upungufu, halafu uzito wa hewa yote iliyo juu ya ziwa unafanya kazi ya kusukuma. Nguvu ya hewa ina kikomo. Mwitaliano Torricelli, miaka ya 1640, alionesha kwamba hewa inabeba zebaki kwa kimo cha sentimita 76 hivi. Maji ni mepesi kuliko zebaki mara 13.6, kwa hiyo yenyewe hupanda kama mita 10.3. Hapo ni usawa wa bahari, na pampu iwe kamili isiyo na kasoro. Sisi ziwa letu, Tanganyika, liko mita 770 hivi juu ya bahari, hewa iliyo juu yetu imepungua, na kikomo kinashuka hadi mita 9 na nusu hivi. Ndugu zetu wa Tabora, walio kwenye mita 1,200, hawafiki hata hapo, wanabaki na 9. Toa tena msuguano wa mpira, mvuke wa maji yenyewe na uchovu wa pampu. Mimi sifungi pampu ya kufyonza zaidi ya mita 6 juu ya maji, na mteja akibisha namwambia atafute fundi mwingine.

Angalia vizuri kosa langu lilikuwa wapi. Sili mbovu kweli huvuta hewa mpaka pampu ikakataa kabisa, na futi valvu mbovu vile vile. Kwa hiyo sikukosea kuzishuku. Nilikosea kuzishuku kabla sijajiuliza kama kazi yenyewe niliyoitaka pampu iifanye inawezekana. Tena kulikuwa na jaribio la dakika kumi ambalo lingemwokolea yule mkulima pesa yake: beba pampu ile ile, mpira ule ule, valvu ile ile, ishushe karibu na maji, ijaze maji, iwashe. Umebadilisha kimo tu. Ikitoa maji pale chini, pampu ni nzima na ugomvi wako ni na ukingo. Mimi nilibadilisha vipuri vitatu, na kile ambacho hakiuzwi dukani sikukigusa.

Dawa ilikuwa chanja la mbao mita tatu juu ya maji. Upande wa kusukuma ni habari nyingine kabisa, kwa sababu hapo inafanya kazi injini, na kibao cha pampu ile kilisema inasukuma hadi mita 25. Nyanya zikanywa jioni ile ile. (Chanja lenyewe usilipigilie moja kwa moja. Ziwa hili halina adabu: kuanzia mwaka 2020 lilipanda likaingia kwenye majengo ya ufukweni, na waliokuwa wamejengea pampu zao zege walizifuata kwa kupiga mbizi.)

Tangu siku ile nina tabia moja. Nikiona sababu inayodhaniwa, naiuliza kama ina ubavu wa kufanya uharibifu ninaouona. Kwenye wizi wa pipa la mawese humkamati mtoto wa miaka mitano, hata kama alionekana pale. Kwenye ufundi ubavu unapimwa kwa namba, na namba nyingi zinatoka kwa hesabu ya darasa la saba.

Mfano wa sola. Kinyozi mmoja wa Mwanga, hapa mjini, aliniita kwa sababu inveta yake, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa volti 230, ilikuwa inalia na kuzima kila akiwasha mashine ya pili. Betri iko nyumbani kwake nyuma, inveta iko saluni, katikati mita 20 za waya wa milimita mbili na nusu za mraba. Kijana niliyekuwa naye akapima: kwenye betri volti 12.4, saluni volti 12.4. Akatangaza betri imekufa, waya ni mzima. Nikamuuliza, ulipima wakati mashine zinafanya kazi? Kimya.

Hili likae kichwani kwenu kuliko yote ya leo: pima kitu kikiwa kazini. Waya usiobeba mkondo hauwezi kuonesha udhaifu wake, kama njia ya udongo inavyopendeza kiangazi. Tulipowasha runinga, taa na mashine mbili, jumla wati 120 hivi, betri ilibaki palepale karibu na 12.4, na saluni pakasoma 9 na kitu. Inveta ya aina ile hujizima ikiona volti 10.5. Ilikuwa inatii amri.

Ungeweza kulijua hili bila hata kufika. Waya wa shaba wenye unene wa milimita moja ya mraba, urefu wa mita moja, una ukinzani wa omu 0.0172. Iandike namba hiyo nyuma ya simu yako. Mita 20 kwenda na 20 kurudi ni 40 (kurudi ndiko vijana wanakokusahau). Zidisha 0.0172 kwa 40, gawanya kwa 2.5, unapata omu 0.275. Wati 120 kwa volti 12 ni ampea 10. Ampea 10 kwenye omu 0.275 zinakula volti 2.75. Toa kwenye 12.4, inabaki 9.65. Mtuhumiwa ana ubavu, tena anazidi.

Kinyozi alikuwa ameshakopa hela ya betri mpya. Tulihamisha inveta tukaiweka kando ya betri, na waya unaofaa umeme mkubwa ndio ukapeleka volti 230 saluni. Kwa wati zile zile mkondo unashuka hadi karibu nusu ampea, na upotevu njiani haufiki hata robo ya volti. Hakununua betri. Mimi nikalipwa kidogo kwa sababu "hukubadilisha kitu." Mtazoea.

Kuna na upande wa pili, ambako namba inakuzuia kurekebisha kitu kizima. Kijana mwingine, mwerevu tu, alipewa kazi ya kufunga mashine ya kutotolesha vifaranga. Akaamua kukikagua kipimajoto kwanza, jambo zuri sana. Akakitia kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Kikasoma 97. Akahitimisha kwamba kinadanganya digrii tatu chini, na akataka kuongeza tatu kwenye kila atakachosoma. Mayai ya kuku yanataka kama digrii 37.5. Kwa hesabu yake angeshusha moto mpaka kipimajoto kisome 34.5, akae siku 21 akisubiri vifaranga wasiokuja, kisha amlaumu aliyeuza mayai.

Kipimajoto kilikuwa kizima. Hewa ile ile iliyomnyima mkulima wa Ujiji maji ndiyo inayofanya maji ya Kigoma yachemke kwenye digrii 97 na ushee badala ya 100. Tabora ni kama 96. Ukitaka kukagua kipimajoto huku kwetu, tumia barafu iliyopondwa na kuchanganywa na maji: hiyo ni sifuri Dar es Salaam, ni sifuri Tabora, mwinuko hauibadilishi kwa kiasi utakachokiona. Halafu kwenye joto la kazi, weka ndani ya maji ya vuguvugu pamoja na kile cha kupimia homa, ulinganishe. Pima karibu na mahali utakapotumia.

Kwa kuwa tumegusa kuchemsha: msikubali kila kitu kisingiziwe mwinuko. Nimewahi kusikia mtu wa Tabora akisema maharage hayaivi kwake kwa sababu ya milima. Digrii nne zinachelewesha chungu, ni kweli. Lakini ukichemsha tangu asubuhi hadi jioni na bado yanagonga meno, digrii nne hazina ubavu huo. Ulizia yamekaa ghalani misimu mingapi.

Sasa mambo madogo. Pampu ya bustani hulala masika yote, na wengi wanailaza na maji tumboni. Chuma, maji na hewa vikikaa pamoja, kutu inakuja. Mwaga maji, kausha, paka grisi. Msiopenda kunisikiliza mimi, isikilizeni meli ya Liemba. Wajerumani waliijenga Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, ikaja kuungwa hapa hapa Kigoma ikaingia majini 1915. Mwaka 1916 mafundi wake waliamriwa waizamishe isitekwe, na kabla ya kuizamisha wakaipaka injini grisi nzito. Iliopolewa 1924, ikarudi kazini 1927, na ile injini ya mvuke iliendelea kutumika. Walijua kitakachoiua ni kutu, wakapaka dawa ya kutu.

Daftari: kila kazi, tarehe, kimo, volti ukiwa umewasha, volti ukiwa umezima. Mwandiko mbaya unaruhusiwa.

Kesho kuna kazi ya pampu Kibirizi, mwenyewe anasema "imeishiwa nguvu tangu Jumamosi." Kabla hamjapanda bodaboda mpigieni simu mumuulize maswali matatu: pampu iko juu ya maji kwa kimo gani kwa makadirio yake, mpira wa kufyonza una urefu gani, na Ijumaa kuna kitu gani kilihamishwa au kiliongezwa. Kisha niandikieni mnadhani nini kimetokea, na kwa namba gani. Spana nitawapa baada ya hapo.