Mzuka wa mume, na posa iliyowahi mno

Dada, kumwonyesha marehemu mume kwenye filamu yako ya mjane wa Lamu hakuhitaji kompyuta. Simamisha kioo chembamba cha dirisha mbele ya kamera kwa pembe ya nyuzi 45. Mwigizaji wa mzuka akae pembeni, nje ya picha, nyuma yake kitambaa cheusi, taa immulike yeye tu. Ukiongeza mwanga wake polepole, anaakisiwa kiooni na kujitokeza mbele ya zidaka (vishubaka vya ukutani), ukiupunguza, anayeyuka. Umbali wake hadi kioo ulingane na ule wa kioo hadi pale unapotaka aonekane, ama sivyo mzuka au sehemu hiyo itatoka ukungu. Kioo kinene hutoa sura mbili, maana kila uso wake unaakisi. Adui mkubwa ni kuta nyeupe za chokaa: zinarudisha mwanga hadi kitambaa kinakuwa kijivu na mzuka unafifia. Pigeni picha usiku.

Hadithi ndiyo yenye shida zaidi. Umeweka posa siku ya arubaini, lakini eda ya mjane, muda wa kungoja katika Uislamu kabla ya kuolewa tena, ni miezi 4 na siku 10 (mja mzito, hadi ajifungue). Ndani ya eda mwanamume haposi waziwazi; kudokeza tu ndiko kunakoruhusiwa. Basi adokeze: sentensi moja ya mafumbo, aisemee dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni, bila kuingia ndani. Kwangu mimi inanoga kuliko tamko la mapenzi. Na mjane asivae dhahabu wala kujifukiza udi kabla eda haijaisha. Wanawake wa Lamu watalinasa kosa hilo kabla ya mzuka kutokea.